Ofisi ya Chama Ikalike Mwaka Mzima

Somo kwa kamati, makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Mkaguzi afikapo katika chama cha msingi huomba kwanza vitabu: kitabu cha fedha, leja ya wanachama, vishina vya stakabadhi na daftari la ghala. Ni nadra kuuliza habari za chumba ambamo vitabu hivyo huandikwa. Somo hili linahusu chumba hicho. Nia yake ni kuonyesha kwamba ofisi inayokalika mwaka mzima si anasa ya viongozi, bali ni sehemu ya ulinzi wa mali ya wanachama. Na kwamba sisi wa Dodoma na nyanda za kati tunaweza kuipata kwa gharama ndogo, kwa kutumia maarifa ambayo wazee wetu walikuwa nayo.

Kosa langu mwenyewe

Mwanzoni mwa kazi yangu nilikagua chama kimoja cha wakulima wa karanga na alizeti, ambacho sitakitaja jina. Ofisi yake ilikuwa nyumba ya tembe, yenye nguzo za miti, kuta za udongo na paa bapa la udongo. Ndani mlikuwa na giza, na pembe moja ya paa ilikuwa ikivuja. Niliandika katika taarifa yangu kwamba jengo lile halikulingana na hadhi ya chama, na kwamba lingefaa kuvunjwa. Kamati ilitii. Mahali pake kikajengwa chumba cha mita nne kwa sita, cha matofali membamba ya saruji na paa la bati, bila dari, na mlango ukielekea mashariki. Nami nilikisifu.

Nilirudi katikati ya mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata. Ilikuwa saa saba mchana, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Karani nilimkuta chini ya mbuyu, meza yake i mavumbini, na vitabu vimekandamizwa kwa mawe. Aliniambia kwa adabu: "Bwana Mkaguzi, humo ndani hamkaliki. Ikifika saa tano bati linachoma kichwa. Na mwezi wa Julai upepo ulikuwa ukiingia juu ya ukuta, nikawa sifungui mpaka saa nne, jua lilipopata nguvu."

Tulipokagua vitabu, vishina vya stakabadhi za siku tatu za mwezi wa Agosti havikuonekana. Kisulisuli kilikuwa kimepita mezani. Wanachama waliopima mazao siku hizo waliitwa mmoja mmoja. Wengi walikuwa na nakala zao, wakalipwa. Mzee mmoja hakuwa nayo. Alidai magunia manne ya karanga, na naamini alisema kweli. Lakini leja haikumtaja, wala shahidi hakupatikana. Hakulipwa. Kabla sijaondoka alinijia, akanisalimu "Mbukwa" kana kwamba hapakuwa na neno baina yetu, kisha akasema: "Mwanangu, tembe ile ilivuja maji pembe moja. Nyumba hii yenu inavuja watu."

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilijifunza siku ile kwamba daftari nalo linahitaji pa kukaa, na mwandishi wake vilevile.

Hali ya hewa yetu

Mji wa Dodoma uko yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, nazo hazizidi sana milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Kuanzia Mei hadi Julai usiku na asubuhi huwa na baridi, na joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Agosti hadi Oktoba huvuma upepo wa mashariki wenye vumbi. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali, ambapo mchana hupita nyuzi 30. Kwa hiyo jengo letu lina maadui wanne, na kila mmoja huja kwa zamu yake: baridi, upepo, joto na mvua.

Yafaa pia ifahamike njia ya jua. Sisi tuko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi sita hivi. Mwezi wa Juni jua la mchana huelekea upande wa kaskazini. Mwezi wa Oktoba hupita karibu utosini kabisa. Ndiyo kusema kwamba wakati wa joto kali paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Anayetaka kupoza ofisi na aanze juu.

Tembe ilijua nini

Katika nchi za baridi, kama vile Norwe na Ufini, wenyeji hujenga nyumba kwa magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, na nyufa kati ya gogo na gogo huzibwa kwa sufu au mimea laini ya msituni. Ukuta mnene huzuia joto lisitoroke, na ufa uliozibwa huzuia upepo usiingie. Wagogo, Warangi, Wasandawe na majirani zao walifuata kanuni hiyohiyo kwa vifaa vya nchi yao. Walisimamisha nguzo, wakalaza boriti, juu yake fito na nyasi, kisha udongo mzito. Udongo ule hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 huchelewesha joto la jua kwa muda wa saa nane au zaidi. Hivyo joto la mchana hufika ndani usiku, linapohitajika, na ubaridi wa usiku hudumu ndani hadi mchana. Nyumba ilikuwa fupi, na upepo ulipita juu yake.

Hata hivyo tusiisifu tembe kupita kiasi. Paa lake ni zito, huhitaji kukandikwa upya mara kwa mara, na mvua kubwa hulishinda. Nguzo huliwa na mchwa. Katika nyufa za sakafu na kuta za udongo hukaa papasi, ambao kuuma kwao huleta homa ya papasi, ugonjwa uliojulikana sana katika sehemu zetu. Tena tembe hula miti mingi. Nchi yetu imekwisha kuonja matokeo ya ukataji miti na malisho ya kupita kiasi: mwaka 1973 ilianzishwa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka, ili ardhi ipone. Hatuwezi kurudi kufyeka misitu kwa ajili ya nguzo.

Operesheni Dodoma ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya ukame na njaa, watu wengi walihamia vijijini, na mawazo ya nyumba bora yakawa matofali na bati. Bati lina faida ya kweli: halivuji likipigiliwa vizuri, na hukinga maji. Kosa letu halikuwa kuleta bati, bali kuacha nyuma yale ambayo tembe ilikuwa ikiyatenda: kivuli kizito juu ya kichwa, ukuta mnene, na mwanya uliozibwa. Shauri la somo hili ni kuviunganisha vyote viwili.

Mambo ya kutenda

Kwanza, dari. Hili ndilo lenye manufaa makubwa kuliko yote. Bati lililochomwa na jua hushusha joto lake moja kwa moja kichwani mwa aliyeketi chini. Tia dari la mbao nyembamba au la matete yaliyofumwa, na acha nafasi ya futi moja au zaidi kati ya dari na bati. Katika kila pembetatu ya ukuta chini ya paa toboa matundu ili hewa ya moto itoke, na uyafunike kwa wavu wa waya, popo na panya wasiingie.

Pili, mwanya kati ya ukuta na paa. Chini ya dari uzibwe kabisa kwa udongo au saruji. Huo ndio mlango wa baridi ya Julai na vumbi la Septemba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, madirisha. Yawe ukuta wa kaskazini na wa kusini, yakitazamana, yenye nondo, wavu na vifuniko vya mbao. Dirisha la kaskazini litaingiza jua la Juni na kumpasha karani moto. Katika miezi ya joto, mlinzi afungue vifuniko jioni ili hewa baridi ya usiku ipite, na karani avifunge kabla ya saa nne asubuhi, akiacha mwanga wa kutosha kazi. Wengi hufanya kinyume: hufungua mchana joto likaingia, na kufunga usiku joto likabaki.

Nne, ukuta na kivuli. Anayejenga upya aelekeze kuta ndefu kaskazini na kusini, na asiweke mlango mashariki. Matofali ya udongo na saruji ya kufungamana, yaliyoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, hayahitaji kuchomwa kwa kuni. Mwenye jengo la ukuta mwembamba aongeze baraza lenye paa upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga, na apake kuta chokaa nyeupe. Mashariki ipandwe safu ya miarobaini, hatua kumi au zaidi kutoka ukutani, ivunje upepo bila mizizi kusumbua msingi.

Tano, maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita nne kwa sita ni mita 24 za mraba. Likipata milimita 550, hupokea lita 13,200 kwa mwaka. Hata tukitoa sehemu moja ya tano kwa upotevu, zinabaki zaidi ya lita 10,500. Bila mfereji, maji hayo yote humwagika kwenye msingi na kuuchimba. Penye mfereji na tangi huwa akiba ya chama. Sakafu iinuliwe juu ya usawa wa nje. Mazao na mbegu visiwekwe sakafuni, bali juu ya vichanja. Tusisahau kwamba mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu iliyokuwa ndani ya chakula. Unyevu ni rafiki wa kuvu hiyo. Joto la chumba cha bati nalo hupunguza uotaji wa mbegu.

Sita, mchwa na papasi. Msingi uwe wa mawe, ambayo kwetu si haba, na mti wowote usigusane na ardhi. Njia za mchwa zikionekana ukutani zibomolewe kila juma. Rafu ya vitabu isimame shubiri moja mbali na ukuta, na vitabu vya fedha vilale katika sanduku la chuma. Sakafu isakafiwe kwa saruji, na nyufa zikandikwe.

Saba, onyo. Baridi ya Julai isimfanye mtu kuwasha jiko la mkaa ndani ya ofisi iliyofungwa. Moshi wake usioonekana huua mtu bila kumwamsha. Jua la dirisha la kaskazini na mwanya uliozibwa vyatosha.

Gharama na uamuzi

Si lazima mambo yote saba yafanywe mwaka mmoja. Chama chenye uwezo mdogo kianze na dari na kuziba mwanya, kisha vifuniko vya madirisha na mfereji, kisha baraza na miti. Udongo, mawe, mchanga na nguvu za kazi vinaweza kutolewa na wanachama wenyewe kwa msaragambo. Fedha zitahitajika kwa mbao, waya, misumari na saruji. Kila senti iingizwe katika makisio ya mwaka chini ya matengenezo ya majengo, ijadiliwe na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu. Kamati isione haya kuitaja. Mwanachama akiuliza, "Kwa nini tumtengenezee karani kivuli?" ajibiwe kwamba kivuli kile ni cha stakabadhi yake yeye.

Chama kile nilichokikosea kilitia dari katika mwaka wa pili baada ya ukaguzi ule, kikaziba mwanya na kuhamishia mlango kaskazini. Nilipofika tena mwezi wa Novemba, saa nane mchana, karani alikuwa mezani na vitabu vilikuwa vimeandikwa hadi siku ile. Magunia manne ya yule mzee hayakuwahi kurudi. Ndiyo sababu nimeandika somo hili.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, ofisi ya chama chetu hukaliwa saa ngapi mchana katika mwezi wa Oktoba? Karani aulizwe bila kutishwa.

2. Kati ya baridi, upepo, joto na mvua, ni adui yupi anayetudhuru zaidi, naye huingilia wapi?

3. Wazee wa kijiji chetu walijengaje tembe? Ni lipi kati ya waliyoyafanya tunaloweza kulitumia bila kukata miti?

4. Ni kazi gani tunazoweza kuzimaliza kwa msaragambo kabla ya Septemba, na ni zipi za kuingizwa katika makisio yajayo?

5. Je, vishina vyote vya stakabadhi za msimu uliopita vipo? Vitolewe na kuhesabiwa mbele ya kikao.