Kumfundisha mtoto wa mbwa kukutana na mbwa wengine kwa utulivu

Wewe uliye na mbwa hapa Bendera, unamfuga kwa kazi. Analinda mbuzi usiku, anafukuza nyani na nguruwe wa pori katika shamba la muhogo, anafuata ndezi katika majani. Lakini mbwa asiyejua kukutana na mbwa wenzake hafanyi kazi hiyo vizuri. Akiona mbwa wa jirani, anaacha mbuzi na kwenda kupigana. Anarudi na sikio limepasuka, na wenye mbwa wawili wanagombana mpaka mbele ya chifu.

Zamani mbwa wa kijiji walijuana wote, maana walizaliwa pamoja. Sasa barabara inaleta watu wengi. Wako wanaotoka Kalemie, wako wanaokwenda machimbo ya dhahabu ya Misisi, na wengine wana mbwa nyuma yao. Mbwa hao ni wageni. Hatujui kama walipigwa sindano, na mbwa wetu hawajui harufu yao. Ndiyo sababu yafaa kumfundisha mbwa angali mtoto.

Tazama kwanza umri wake. Usimtoe kwa mama yake kabla ya majuma 8. Pale kwa mama na ndugu zake anajifunza jambo kubwa ambalo wewe huwezi kumfundisha: akimwuma ndugu yake kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unakwisha. Hivyo anajua kupunguza nguvu ya meno. Mtoto aliyetolewa mapema, mara nyingi hajui. Tangu juma la 3 mpaka la 12 au la 14, kichwa chake kinapokea vitu vipya bila woga mwingi. Kisha mlango huo unaanza kufungwa. Mtu anayemfunga mtoto wa mbwa nyuma ya nyumba mpaka awe na miezi 6, halafu anamfungua siku ya soko, asishangae akiona vita.

Lakini mtoto huyo bado hana nguvu ya kushinda magonjwa. Basi, mbebe mikononi au ndani ya kikapu. Kaa naye pembeni ya soko, mbali kidogo, aone watu, baiskeli, pikipiki, mbuzi na mbwa. Usimweke chini mahali ambapo mbwa wengi wanakojoa. Akitazama mbwa mwingine akitulia, mpe kipande cha ndakala mkavu. Kipande kidogo kama ukucha chatosha. Mpe upesi, palepale anapotulia. Ukichelewa hajui amelipwa kwa sababu gani.

Mwalimu wa kwanza awe mbwa mmoja mzima, mpole, wa jirani unayemjua, ambaye amekwisha kupata sindano. Usianze na kundi. Wala usiwalete uso kwa uso. Kwa mbwa, kuja moja kwa moja huku macho yanatazama macho ni kama mtu anayekujia na ngumi. Wewe na jirani mtembee upande mmoja, njia moja, mbwa wako kushoto, wake kuume, na nafasi ya hatua 10 katikati. Mkiona wote wametulia, sogeeni kidogo kidogo. Mkikaribiana, zungukeni kama upinde, wanusane nyuma, maana ndivyo mbwa wanavyosalimiana. Hesabu moja, mbili, tatu, kisha mwite mtoto wako kwa sauti ya furaha na kumpa ndakala. Wakirudi kunusana wenyewe kwa upole, vema. Siku ya kwanza inatosha hapo.

Sasa neno la kamba, maana hapa watu wengi wanaharibu kazi. Mtu akiona mbwa mwingine anakuja, mkono wake unavuta kamba kwa nguvu. Mbwa wake anabanwa shingo, hawezi kugeuka wala kukimbia, naye anafikiri, "Bwana wangu naye anaogopa." Anabweka na kuruka. Kisha anapigwa fimbo. Je, amejifunza nini? Amejifunza kwamba mbwa mwingine akitokea, shingo inabanwa na mgongo unauma. Kesho atabweka mapema zaidi. Shika kamba ilegee kama tabasamu. Ukiona hali mbaya, geuka wewe, uende upande mwingine, naye atafuata. Umbali ndio dawa. Kama hatua 10 ni karibu mno, anza na 30.

Jifunze kusoma mwili wake. Mkia katikati ya miguu, masikio nyuma, kujilamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi: hayo yote ni woga. Mwili mgumu kama mti, manyoya ya mgongo yamesimama, macho hayapepesi: hiyo ni hatari, mwondoe. Mwili laini unaopinda-pinda, na kuinama kifua chini matako juu, ni mwaliko wa kucheza. Usingoje kelele. Mwaka 1937 mbwa wa Kongo walionyeshwa huko London, wakaitwa Basenji, na wazungu wakastaajabu kuona mbwa wasiobweka kama wengine. Wawindaji wetu hawakustaajabu. Waliwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue walipo katika pori. Mbwa wa namna hiyo anaweza kukasirika kimya, na asiyetazama mwili wake anachelewa.

Na mbwa akinguruma, usimpige kwa sababu hiyo. Kunguruma ni kusema, "Niache." Ukimkataza kusema, siku moja atauma bila kusema. Mbwa mzima akimngurumia mtoto anayemsumbua, waache kidogo, anamfundisha adabu. Mwite mtoto aje kama haelewi.

Usitupe mifupa wala ugali mahali mbwa wanapokutana. Wala watoto wa nyumbani wasisimame katikati yao. Vita ikianza, usitie mkono. Mwaga ndoo ya maji, piga sufuria, au sukuma ubao katikati.

Kuumwa si jambo la kucheza. Kichaa cha mbwa kinapita katika mate, na mtu akikwisha kuonyesha dalili zake, karibu kila mara anakufa. Mbwa wako apigwe sindano ya kichaa akiwa na miezi 3, kisha arudiwe kila mwaka. Mwulize mganga wa nyama. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile kutafuta sindano. Asipake majani wala mafuta, asingoje kuona kama kidonda kitapona. Mbwa aliyeuma afungwe peke yake na kutazamwa siku 10, lakini mtu asingoje siku hizo kabla ya kutibiwa.

Tangu miezi 6 mpaka mwaka mmoja na zaidi, mbwa dume hasa atabadilika. Yule aliyekuwa mpole ataanza kusimamisha mkia mbele ya madume wengine, na utafikiri kazi yako yote imepotea. Haikupotea. Rudi kwenye hatua 30, na ndakala mfukoni, na kamba imelegea, dakika chache kila siku, mpaka amtazame mwenzake kisha ageuke mwenyewe kukutazama wewe.