Anzia Ukingoni: Mfarishi wa Viraka kwa Sindano na Uzi Tu

Anayetaka kushona mfarishi wa viraka kwa mkono, na hajawahi kushona zaidi ya kifungo cha shati, namshauri auweke kando kwanza ule mtindo wa Marekani na Uingereza wa kukata miraba iliyolingana, kuiunganisha safu kwa safu, kuitia pamba katikati kisha kuishona upya. Ni mtindo mzuri na nauheshimu. Ila unadai vipimo: kila mshono uache robo inchi, na ukipunja kidogo kwenye miraba ya mwanzo, safu za mbele hazikutani tena. Mkono mgeni huchoka haraka kwa adhabu hiyo. Mimi nilijifunzia kwenye kawandi, na kila anayeniomba nimfundishe humwanzishia hapo hapo.

Kawandi ni mifarishi ya Wasidi, Wahindi wenye asili ya Afrika wanaoishi katika jimbo la Karnataka. Wahenga wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, Msumbiji ikiwemo. Wengi walifikishwa Goa mikononi mwa Wareno, na waliotoroka wakajihifadhi kwenye misitu ya bara. Wanawake wa Kisidi hushona kawandi kwa nguo kuukuu za nyumbani, na kitambaa cha chini mara nyingi huwa sari iliyochakaa. Hawachori ramani wala hawatumii cherehani. Wamo Wahindu, Waislamu na Wakatoliki, kwa hiyo mara nyingine utaona msalaba au hilali katikati ya viraka. Mtafiti Henry Drewal ameandika mengi kuhusu kazi zao, na naomba kila mshonaji wa kwetu azitafute picha hizo, kwa sababu ni kazi ya watu wenye damu ya huku na wachache huku wanaifahamu.

Siri ya kawandi ni kuanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Hakuna kuunga viraka kwanza halafu kuvishona kwenye kitambaa cha chini. Bandi moja, yaani mshono wa kuchoma na kuchomoa sindano kwa mstari, hufanya yote: hukamata kiraka, huunganisha tabaka, na huwa ndiyo nakshi yenyewe.

Kwa vitambaa, shika pamba tupu. Kanga iliyofuliwa miaka mingi haina mfano: ni laini na sindano hupita bila kusukumwa. Mabaki ya vitenge utayapata kwa mafundi cherehani. Karibu kila fundi ana kiroba cha vipande chini ya meza, na wengi hukupa bure ukiomba kwa adabu. Kitenge kipya kina wanga, kifue mara mbili tatu mpaka kilegee. Jinzi na vitambaa vya nailoni viache kabisa kwa mfarishi wa kwanza. Fua kila kitu kabla ya kukata, kwa sababu pamba hunywea na kanga mpya huchuja rangi. Jaribu hivi: bonyeza kitambaa kilicholowa juu ya kipande cheupe, kikiacha doa, rudisha kwenye beseni.

Kitambaa cha chini kiwe nusu ya kanga, yaani kama sentimita 75 kwa 110. Inatosha kumfunika mtoto, na huo ndio ukubwa unaokuwezesha kumaliza. Kazi ya mkono ni ya miezi, hata ukishona kila jioni. Anayeanza na mfarishi wa kitanda cha futi sita huishia kuukunja na kuuweka kabatini.

Vifaa ni vichache: sindano nyembamba ya urefu wa wastani, uzi wa pamba imara, mkasi mkali, kipande cha nta ya nyuki, na kastabini. Kastabini usiidharau. Huvaliwa kidole cha kati cha mkono unaoshonea, na ndiyo inayosukuma sindano kwenye tabaka tatu nne. Bila hiyo ncha ya kidole itatoboka ndani ya wiki. Uzi ukate urefu wa dhiraa, kuanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole. Ukizidi hapo utajisokota na kufunga mafundo. Uburute mara moja juu ya nta kabla ya kuanza.

Sasa tandika kitambaa cha chini sakafuni, upande wake mzuri uelekee chini, na ukunje kingo zake ndani sentimita moja. Chukua kiraka cha kwanza, kikubwa kama kiganja au kuzidi, ukunje pande zake mbili, kiweke kwenye pembe ili mikunjo yake ikutane na mikunjo ya kitambaa cha chini. Mikato yote inabaki imefichwa ndani. Piga bandi kando kando ya ukingo, hatua za milimita tatu au nne. Ukikaribia mwisho wa kiraka, chukua cha pili, kunja upande wa nje na upande unaokutana na mwenzake, kilaze juu ya kile cha kwanza kwa upana wa kidole, endelea na bandi ile ile. Anayeshonea mkono wa kulia huenda kutoka kulia kwenda kushoto, ukingo ukiwa umemwelekea. Ukifika pembeni, geuza kazi na usonge mbele.

Ukirudi ulikoanzia, ingia ndani sentimita moja, zunguka tena. Na tena. Kiraka kikiisha, kipya huja juu yake na ukingo uliokunjwa ukifunika ule mbichi. Mstari ukipinda, uache. Uzuri wa kawandi uko kwenye mistari inayofuatana kama mawimbi.

Hapa ndipo penye kazi hasa, nami nataka upazingatie. Kwa kuwa unashona kutoka nje kwenda ndani, ulegevu wote wa kitambaa husukumwa katikati. Usipoudhibiti, mwishoni kitambaa cha chini kitafura. Kwa hiyo kabla ya mzunguko wa kwanza, kishikize kitambaa cha chini na shuka kuukuu la kujazia katikati, ukilitumia, kwa mishono mirefu ya kupita. Kisha kila baada ya hatua tano sita, laza kiganja juu ya mstari na uupapase kuelekea nje mpaka ulale. Uzi usivutwe hadi kitambaa kikunjamane. Kila ukimaliza mzunguko, tandika kazi yote sakafuni uitazame. Uvimbe ukionekana, fumua mstari mmoja wa mwisho tu, nyoosha, rudia. Mdogo sana waweza kuukunja na kuuficha chini ya kiraka kinachofuata.

Kuhusu kujaza, tofautisha mahali. Pwani, tabaka mbili zinatosha. Kwa mtoto wa Njombe, Lushoto au Limuru, weka shuka la pamba au blanketi jepesi katikati. Pamba nene sitaishauri, bandi fupi haipiti.

Rangi panga kwa jicho, ukivirusha viraka sakafuni kabla ya kuvikunja. Mimi hupenda pindo la kanga likae karibu na kitu chenye utulivu, kaniki au marekani, ili michoro isigombane. Jina la kanga hulikata ukanda mzima na kuliweka ukingoni, lisomeke.

Kiraka cha mwisho, kile cha katikati, hukunjwa pande zote nne na kushonwa kuuzunguka ukingo wake, kisha ndani yake mistari mpaka kijae. Zinabaki pembe. Wasidi huziwekea phula, yaani maua: vipande vidogo vya rangi mbalimbali vilivyokunjwa na kupangwa kimoja juu ya kingine, vikishonwa kwenye kila pembe. Kwao mfarishi usio na phula uko uchi. Usiziruke kwa kuwa umechoka; zishone kwa uzi maradufu, maana ndizo mtoto atakazozivuta.

Fua kwa mkono, maji baridi, anika kivulini. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza bandi huzama na mfarishi wote huingia vikunjo vidogo vidogo. Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Pakichanika baadaye, weka kiraka kingine juu, kunja kingo zake, pitisha bandi.