Betri zilizokufa: kabla hujazimwaga maji, soma hii kwanza

Tangu niweke ile picha ya mzani wangu, wengi mmeniandikia mkiuliza kitu kimoja: je, kununua betri mbovu na vyuma vya gari kunalipa? Kunalipa. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewapoteza, kwa sababu biashara hii ilibaki kidogo inifungie duka, na aliyetaka kunifungia hakuwa kanjo. Alikuwa jirani yangu.

Kwa wasionijua, nauza spea za mkono wa pili huku Magongo, Mombasa. Taa, radieta, alteneta, milango, vitu kama hivyo. Nilimaliza Fomu Foo nikaanza kwa kusaidia kwenye duka la mjomba, sikusomea popote. Betri niliziongeza baadaye. Dereva akija kununua betri, ile iliyokufa anaiacha kwangu nampunguzia bei, na mafundi wa gereji za hapa karibu wananiletea zao. Nikifikisha betri thelathini au arobaini, namwita mnunuzi.

Sasa, mnunuzi wangu wa kwanza alikuwa na bei mbili. Ikiwa na maji, kilo shilingi 90. Ikiwa kavu, yaani umeshamwaga asidi, kilo 115. Mimi nikaona 115 ni kubwa kuliko 90, habari imeisha. Nyuma ya duka kuna kipenyo kati yangu na nyumba za kupanga. Nikawa jioni nageuza betri kichwa chini, maji yanamwagika mchangani, asubuhi ziko kavu. Nilifanya hivyo karibu miezi minane.

Siku moja mama anayeuza mahamri pale kwenye nyumba za kupanga akaja dukani. Hakupiga kelele. Alishika kaptula ya mtoto, ina matundu matundu kama imeliwa na mende. Akaniuliza, "Mwanangu, haya maji unayomwaga nyuma ni ya nini? Huyu mtoto anachezea pale kila siku. Nimuogeshe na nini?"

Nikamwambia ni maji ya betri tu, mama. Akanitazama, akaondoka. Jioni ile nikasikia jina langu limefika kwa mzee wa mtaa, na kwamba wanawake wa chama chao wanataka duka lihamishwe. Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nikasema si nina leseni ya kaunti ukutani, wataniambia nini?

Ndipo nikakaa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga siku ya kwanza. Betri ya kilo 15 ikiwa na maji, mara 90, ni 1,350. Ukiimwaga inabaki kama kilo 12. Kilo 12 mara 115 ni 1,380. Tofauti ni shilingi thelathini. Ndugu zangu, thelathini! Hapo bado sijatoa muda wangu, wala suruali mbili zilizotoboka. Asidi ni uzito, na uzito ndio unaouza. Kama kuna mtu anakununulia kavu, piga hesabu hii kabla ya kumsikiliza, kwa sababu huenda anachokulipa ni kukubebesha kazi chafu ambayo yeye hataki ifanyike uani kwake.

Na asidi si ndiyo mbaya zaidi. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi, ile ile wavuvi wetu wanayeyusha kutengeneza chubwi za nyavu. Maji ya betri yakimwagika yanatoka na vumbi na tope la risasi, na risasi haiozi. Mvua ikinyesha haipotei, inahama tu. Mtoto mdogo ndiye anaumia kuliko wote: anatia mikono mdomoni, halafu Shirika la Afya Duniani linasema mwili wake unafyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Inakula ubongo, inakula damu. Na hao hao WHO wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mimi nilikuwa nadhani madhara ni kuwashwa ngozi.

Wenyeji wa Mombasa mtakuwa mmeshajua naelekea wapi. Kutoka kwangu hadi Owino Uhuru, kule Mikindani, ni mwendo wa matatu moja. Pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini. Ilikuwa imempata kupitia maziwa ya mama. Akaacha kazi, akaanza kuzunguka na majirani, wakaandamana, wakaandika barua. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamua wakazi wale, watu kama 3,000, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha ile fidia.

Mimi nilichokiangalia humo kama mfanyabiashara ni hiki: lawama haikuwekwa kwa mwenye kiwanda peke yake. Mahakama iligawia na taasisi za serikali, NEMA ikiwemo, kwa kutofanya kazi yao ya kusimamia. Kwa hiyo ile habari ya "nina karatasi, mtu asiniguse" haisimami. Mwenye kukupa karatasi naye anaweza kuburutwa. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, halafu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda kortini hata kama hajaonyesha kuwa yeye au mwingine ameshaumia. Mama wa mahamri hakuhitaji kungoja mtoto aanguke. Angeweza kunipeleka kwa kaptula ile ile.

Basi nikaenda mwenyewe kwa mzee wa mtaa kabla hajaniita, nikiwa na mjomba wangu, maana mambo haya huendi peke yako na umri wangu. Tulikaa chini ya mwarobaini, mama wa mahamri na wenzake wanne, mafundi wawili wa gereji, na mwenye nyumba. Nikasema nimekosa. Nikawaeleza nilichokuwa namwaga ni nini. Sehemu hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote, kwa sababu wengine pale walikuwa hawajui, mimi ndiye niliyewatia hofu.

Tulikubaliana mambo na nimeyafuata. Udongo wa juu tulikwangua tukiwa tumeunyunyizia maji usipeperuke, tukautia kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko, halafu pale chini nikamwaga zege kwa pesa zangu. Mapipa hayo mawili bado ninayo, yamefungwa ndani ya stoo, kwa sababu hakuna gari la kawaida la taka linaloruhusiwa kuyachukua na mwenye leseni ya taka hatari anataka mzigo mkubwa ndipo aje. Miezi minane ya shilingi thelathini thelathini, na sasa nalipia nafasi ya kuweka udongo. Mtoto tulimpeleka kupimwa damu, nikatoa nusu ya gharama. Daktari alisema kiwango kiko juu, si cha kulazwa, akataka arudi baada ya miezi mitatu. Tunangoja.

Haya, upande wa betri sasa nafanya hivi. Hakuna betri inayofunguliwa wala kumwagwa kwangu. Zinakaa wima juu ya mbao, chini ya paa, ndani ya trei za plastiki, na iliyopasuka inaingia kwenye ndoo yenye kifuniko. Glavu lazima. Anayekuja kuzibeba namwomba leseni yake ya NEMA ya kusafirisha taka, kanuni za taka zinaitaka, na napiga picha yake pamoja na namba ya gari. Yule wa bei mbili nilimwomba hiyo leseni, akasema ataileta kesho. Hiyo kesho haijafika. Niliyenaye sasa analipa 85, ananunua na maji yake. Ukinunua betri mpya kwa jumla muulize pia msambazaji kama anachukua za zamani. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 imeanza kuwawekea wazalishaji wajibu wa bidhaa zao zikishakufa, kwa hiyo kuuliza si kuomba msaada.

Betri ni kipande kimoja tu cha gari. Likishakatwa, kinachobaki kingi ni chuma, na chuma kina sheria yake, ya 2015. Leseni ya biashara ya kaunti haitoshi, ukinunua na kuuza chuma chakavu unatakiwa uwe na leseni ya kazi hiyo na uweke rekodi ya ulichonunua na aliyekuuzia. Wengi tunaona daftari ni usumbufu. Mimi nakumbuka Januari 2022, nikiwa bado kwa mjomba. Umeme ulipotea nchi nzima baada ya minara ya umeme kuanguka, ikasemwa vyuma vyake vilikuwa vimeibwa, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya chuma chakavu. Yote. Hadi Mei. Mjomba hakuwa ameiba hata nati, lakini chuma chake kililala uani miezi zaidi ya mitatu huku kodi ya duka ikitembea. Kule minarani sisi hatukuwahi kufika, ila hatukuwa na daftari la kuonyesha chuma chetu kilitoka kwa nani. Mtu akituuliza, tungejibu nini?

Kwa hiyo daftari langu lina tarehe, jina, namba ya kitambulisho, simu, kitu chenyewe, kilo, na kilikotoka. Gari la kukata silinunui bila kuona logbuku na kulinganisha namba ya chesisi kwa macho yangu, si kwa picha ya simu. Vifuniko vya mitaro, vyuma vya kingo za barabara, nyaya za shaba zilizochomwa, chochote chenye alama ya reli au umeme, sigusi, hata muuzaji akilia njaa. Na mtoto simnunulii kitu. Mwezi uliopita kijana wa darasa la sita alikuja na gunia, ndani kuna sahani za betri, amevunja kwa jiwe huko nyuma ya uwanja wa mpira. Mikono imejaa majivu ya kijivu. Zamani ningepima. Nilimpa maji na sabuni, nikachukua gunia bila kulilipia, nikampeleka hadi kwao. Mamake alidhani namletea kesi. Baadaye mafundi wawili walinisema eti naharibu soko, kwamba nikimkataa mimi atanunua mwingine. Ni kweli, wapo wanaonunua. Ndiyo maana niliomba nafasi kwenye baraza la chifu nikalieleza mbele ya wazazi, kwa sababu mimi mmoja siwezi kuwafungia wanunuzi wote, lakini mzazi akijua lile gunia lina nini atalifunga mlangoni kwake.

Oili chafu kwa kifupi: usimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini, weka kwenye pipa uuze kwa mwenye leseni ya kuichukua. Tairi usichome. Hayo mawili nitayaandikia siku yake.

Kama unataka kuanza, usianze na mzani. Anza kwa kuzunguka nyumba zinazopakana na eneo lako, uwaambie utaweka nini na utakiweka wapi, na uulize maji yao ya kunywa na watoto wao wako upande gani. Miradi mikubwa inalazimishwa na kanuni kutafuta maoni ya watakaoathirika. Sisi wadogo hakuna atakayetuandalia mkutano huo, lakini benchi la chini ya mwarobaini linatosha. Mimi sasa tunakutana kila mwanzo wa mwezi, dakika ishirini, na mama wa mahamri ana ruhusa ya kuingia stoo kukagua wakati wowote. Wiki jana alikuta betri moja imelala ubavu. Alinipigia simu nikiwa mjini, nikarudi kuisimamisha.

Anayetaka picha ya kurasa za daftari langu aniandikie, nitazituma nikiwa nimefunika majina na namba za watu.