Usharika Unaoendelea na Majirani Zake

Somo kwa wazee wa kanisa, wainjilisti na Wakristo wote wa Ngara na Biharamulo

Soma kwanza: Yeremia 29:4–7, Luka 10:25–37, Wagalatia 6:9–10.

Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Usharika fulani unaendelea sana." Tukiwauliza, "Unaendeleaje?" hutujibu kwamba kanisa limeezekwa mabati mapya, kwaya imepata sare, na watoto wengi wamepokea Kipaimara mwaka huu. Mambo hayo ni mema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini liko swali jingine, ambalo kitabu cha usharika hakiwezi kulijibu: Je, mtu akaaye karibu na kanisa letu, ambaye jina lake halimo katika kitabu kile, amepata faida gani kwa kuwa sisi tupo?

Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie mema mji ule na kuuombea, kwa sababu mji ukiwa na amani, wao nao watakuwa na amani. Angalieni sana: mji ule haukuwa wao, wala wenyeji wake hawakuwa wa imani yao. Basi, ikiwa watu wa uhamishoni waliagizwa hivyo, si zaidi sisi tukaao katika vijiji vyetu wenyewe? Neno la somo hili ni moja tu: usharika hupimwa kwa jirani asiye wake.

1. Kanisa kujaa watu si upendo

Mfano wa kwanza haukutokea mbali. Mwezi wa Aprili mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, maelfu ya Watutsi walikimbilia kanisa la Nyarubuye, ng'ambo ya mpaka wetu wa Ngara. Walidhani ya kuwa nyumba ya Mungu itawaokoa, nao wakauawa humo. Wengi katika wauaji walikuwa majirani zao, watu waliochota maji kisima kimoja nao. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Rusumo, alikamatwa Tanzania mwaka 2001. Mahakama ya Umoja wa Mataifa katika Arusha ilimhukumu mwaka 2004, na mwaka 2006 hukumu yake ikaongezwa kuwa kifungo cha maisha.

Hatuyataji haya ili tuwahukumu ndugu zetu wa Rwanda. Twayataja kwa sababu nchi ile ilikuwa na makanisa mengi yaliyojaa kila Jumapili. Watu walifundishwa Amri Kumi, wakakariri vizuri. Lakini ilipotangazwa kwamba jirani ni adui, wengi waliamini tangazo kuliko katekisimu.

Kwa hiyo mwalimu wa dini asingoje siku ya jaribu. Kwetu wapo Wahangaza, Wasubi, Wazinza, Waha na Wasukuma. Wapo wakulima na wapo wafugaji. Maneno ya dharau husemwa kwa mzaha kwenye kilabu cha pombe, na pengine hata katika baraza la usharika. Mzee wa kanisa asikiaye mzaha wa namna hiyo akanyamaza amekwisha kufundisha somo baya. Kumkemea msemaji kwa upole, palepale, ni huduma kwa kijiji kizima.

2. Mgeni na mwenyeji, wote wawili ni jirani

Baada ya mauaji hayo watu walikimbia. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema halijapata kuona mbio za watu wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Wakapiga kambi Benaco. Walikuwamo akina mama, watoto na wazee waliokimbia vita. Walikuwamo pia wenye damu mikononi, waliojificha katikati yao. Baada ya miezi michache wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji wote wa wilaya.

Ngara haikuwa ngeni katika kazi ya kupokea. Tangu miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamepewa makazi Muyenzi. Mwaka 1964 lilianzishwa shirika la TCRS, kwa mapatano ya Serikali, Umoja wa Mataifa na Shirikisho la Walutheri la Dunia, ili kuwahudumia watu wa namna hii. Mwaka 1980 Tanzania ilikubali kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000. Tena mwezi wa Oktoba 1993, rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, alipouawa, Warundi wengi sana walivuka mpaka. Kihangaza kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, hata mgeni aliweza kuomba maji kwa lugha yake akaeleweka.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mgeni akiwa mwingi kuliko mwenyeji, methali hiyo huwa nzito. Miti ilikatwa kwa kuni na kujengea vibanda, mpaka vilima vikawa vitupu. Maji yalipungua. Migomba na mihogo iliibwa mashambani usiku. Wanyama wa mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo waliwindwa sana. Tarehe 31 Machi 1995 Serikali ilifunga mpaka, na mwezi wa Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, wengine wakienda kwa hofu kubwa.

Basi tunajifunza nini? Kwamba katika siku kama hizo usharika una majirani wawili: yule alalaye chini ya turubai, na yule ambaye shamba lake limekanyagwa. Usharika ukimhurumia mmoja tu, unapanda chuki katika moyo wa mwingine. Msamaria hakumwuliza mtu aliyejeruhiwa kabila lake. Lakini pia hakumwibia mwenye nyumba ya wageni ili ampe yule majeruhi, bali alimlipa gharama yake. Nguo na chakula vikigawiwa kwa wageni, mjane wa kijijini asisahauliwe. Nayo huruma isifumbe macho: kumpa mwuaji chakula si kumficha asifikishwe mbele ya hakimu.

Wageni wakisha kuondoka, makovu ya nchi hubaki. Hapo ipo kazi ambayo usharika waweza kuifanya bila fedha nyingi. Vijana waweza kutunza kitalu cha miche nyuma ya kanisa, na kila atakayepokea Kipaimara apande miti na kuimwagilia mpaka ishike. Chemchemi na izungushiwe ua ili ng'ombe wasiikanyage. Mfereji uchimbwe upande wa juu, maji ya mvua yenye uchafu yasiingie. Na mikaratusi isipandwe karibu nayo, maana hunywa maji mengi. Chemchemi haimwulizi mtu dhehebu lake. Atakayechota ni Mkristo, na Mwislamu, na asiye na dini.

3. Siku ya ugonjwa na msiba

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeonekana katika Mkoa wa Kagera, nao ulikuwa wilayani Biharamulo. Watu wawili walithibitishwa kwa vipimo na wanane walihesabiwa kuwa walikuwa nao. Wote kumi walikufa. Tarehe 13 Machi mwaka huohuo ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Mara ya kwanza Tanzania kuuona ilikuwa Machi 2023, katika Bukoba Vijijini.

Ugonjwa huu hukaa katika popo walao matunda, wakaao mapangoni na katika mashimo ya migodi. Huenda kutoka mtu hadi mtu kwa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na hata ya maiti. Dalili zaweza kuonekana kati ya siku 2 na 21: homa kali, kichwa kuuma, kutapika, kuhara, na baadaye pengine kutoka damu.

Hapa ndipo usharika unapoguswa. Kwetu upendo huonekana msibani: twamkumbatia mfiwa, twauosha mwili wa marehemu, twala pamoja. Mambo hayo mema ndiyo hasa yawezayo kuupeleka ugonjwa nyumba hata nyumba. Watu wa afya wakija na kukataza kuosha maiti, kijiji chaweza kuona kwamba mpendwa wao anatupwa kama mnyama. Nani atawaeleza wakasikia? Mara nyingi ni yule aliyewabatiza watoto wao na kuwazika wazee wao. Kwa hiyo mwinjilisti ajifunze kwa mganga wa zahanati mapema, na aseme wazi ya kwamba heshima ya marehemu haimo katika kuoshwa tu. Ibada yaweza kufanywa kwa mbali, jina lake likatajwa, wimbo ukaimbwa, na familia yake ikatunzwa miezi inayofuata.

Jambo hili si geni kwa Walutheri. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, chuo kikuu kilihamishwa, lakini Martin Luther alibaki pamoja na wagonjwa. Alipoulizwa na wachungaji wa Breslau kama Mkristo aweza kuikimbia tauni, alijibu kwa waraka. Mwenye wajibu kwa watu, kama mchungaji au mtawala, asiwaache. Asiye na wajibu aweza kuondoka, mradi wagonjwa wamepata wa kuwatunza. Adharauye dawa na tahadhari humjaribu Mungu, na aweza kuwaua wengine. Lakini jirani amhitajiye asikimbiwe. Kwa hiyo tahadhari na imani si maadui.

Baada ya ugonjwa kwisha, kazi moja hubaki. Nyumba iliyofiwa huogopwa kwa muda mrefu. Watoto wake hutengwa shuleni, mama hapati wateja sokoni. Siku 21 za hatari zikiisha kupita, mzee wa kanisa na akanunue nyanya kwa mama yule mbele ya watu wote. Tendo hilo hufundisha kuliko hotuba.

4. Sanduku lenye kufuli nne

Labda mtu atasema, "Sisi ni maskini, tutatoa wapi?" Mwaka 1523 watu wa Leisnig, mji mdogo katika Saxony, nchi ya Ujerumani, waliweka sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini, kwa shauri la Luther. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake walipewa watu wa makundi manne: wakuu, baraza la mji, watu wa mjini na wakulima. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Wasimamizi walikuwa kumi, na mara tatu kila mwaka waliwasomea watu hesabu. Fedha zilikuwa kwa ajili ya kanisa na shule, lakini pia kwa yatima, wazee, na wageni waliotaka kuanza maisha. Mwanzo wake ulikuwa mgumu, maana baraza la mji lilikataa kuitoa mali iliyotakiwa. Hata hivyo mfano wao ulienea.

Sisi watu wa Kagera tunajua maana ya yatima. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana mkoani kwetu mwaka 1983, na bibi wengi waliachiwa wajukuu wa kulea. Haba na haba hujaza kibaba: debe la mahindi, kilo ya maharagwe, siku moja ya jembe katika shamba la bibi, vyaweza kutiwa katika sanduku la namna hii. Lakini pasipo kufuli nne na hesabu isomwayo hadharani, sanduku halitadumu. Watu hawachoki kutoa. Huchoka kutojua kilichotolewa kimekwenda wapi.

5. Namna ya kuanza

Kwanza, wazee wawili wawili na wazunguke vitongojini, si kuhubiri, bali kuuliza: "Jirani, ni shida gani hapa inayotusumbua sote?" Wasikilize bila kukatiza. Pili, wamwendee mwenyekiti wa kijiji, wajue yaliyokwisha kupangwa, wasishindane nayo. Tatu, wawatafute wenzao. Waanglikana wana hospitali Murgwanza. Wakatoliki wana kazi ya siku nyingi Rulenge. Waislamu wana misikiti yao. Jambo tuwezalo kulifanya pamoja tusilifanye peke yetu ili tuonekane. Nne, wachague jambo moja tu na kulimaliza. Chemchemi moja iliyotunzwa mwaka mzima ni bora kuliko kamati saba.

Tena tujihadhari na hila. Msaada usiwe chambo cha kumvuta mtu aache dhehebu lake. Akituuliza kwa nini tumemsaidia, tutamjibu kwa furaha habari za Kristo. Asipouliza, amekwisha kupata maji, nasi tumetii.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Taja nyumba tatu zilizo karibu na kanisa letu zisizo za usharika. Shida zao ni zipi, nasi tumezijuaje?
2. Ni mzaha gani wa kabila au wa kazi unaosikika kwetu? Nani ataukomesha?
3. Ugonjwa kama Marburg ukirudi, mazishi yetu yatafanywaje? Tumekwisha kuzungumza na zahanati?
4. Funguo za sanduku la maskini zishikwe na nani? Hesabu isomwe lini?

Bwana atujalie macho ya kumwona jirani kabla hajaanguka njiani, na mikono isiyochoka katika kutenda mema. Amina.