Maji ya Ziwa Letu na Sauti ya Wananchi



Katika toleo hili tunajifunza jambo linalowagusa wote wanaoishi kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga upande wa kaskazini, kupitia Kibirizi, Kigoma mjini na Ujiji, hadi Ilagala na vijiji vya kusini. Jambo hilo ni uchafuzi unaotokana na virutubisho kuzidi majini, na jinsi wananchi wanavyoweza kutoa maoni yenye uzito kuhusu namna ya kuupunguza. Somo hili linaweza kutumiwa na jumuiya ndogondogo, kikundi cha akina mama, kikundi cha BMU au mkutano wa mtaa. Lisomeni pamoja kwa sauti, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

VIRUTUBISHO NI NINI?

Kila mkulima anajua kuwa shamba lililochoka linahitaji mbolea. Vitu vinavyolisha mahindi, hasa naitrojeni na fosforasi, ndivyo pia vinavyolisha mwani, yaani mimea midogo ya kijani inayoota majini. Vikiwa kwa kiasi, ni baraka. Mwani huliwa na wadudu wadogo wa majini, wadudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na migebuka.

Vikizidi, baraka hugeuka kuwa hasara. Mwani huota kupita kiasi, maji huwa ya kijani na mawe hushika utelezi. Mwani ukifa huoza, na katika kuoza hutumia hewa ya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Aina fulani za mwani hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji.

ZIWA KUBWA, LAKINI HALISAHAU

Wengine husema ziwa ni kubwa mno kuweza kuharibika. Ni kweli kwamba Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470, na ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal. Lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui uchafu. Kinachoingia ziwani leo kitakaa humo kwa muda mrefu sana.

Wengine watasema, "Wataalamu wanatuambia ziwa linakosa virutubisho, sasa mbona mnatuambia vimezidi?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni kwamba yote mawili ni kweli, ila mahali ni tofauti. Katikati ya ziwa, chakula cha samaki hutoka vilindini na kupandishwa juu hasa na upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba. Tafiti zilizotolewa mwaka 2003 zilionyesha kuwa joto la ziwa limeongezeka na maji ya chini hayachanganyiki na ya juu kama zamani, hivyo chakula hicho kimepungua. Kwenye ghuba na fukwe karibu na makazi, virutubisho huongezeka kwa sababu ya taka zetu. Taka za pwani haziwezi kuziba pengo la katikati. Zinabaki pale tunapochota maji na pale makinda ya samaki wengi wanapokulia, na zinakuja pamoja na tope na vijidudu vya magonjwa.

VINATOKA WAPI?

Katika eneo letu vyanzo vikuu ni hivi:

- Vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka yaliyo karibu na maji. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, maji yalifikia makazi mengi ya pwani pamoja na vyoo vyake.
- Udongo unaomomonyoka kwenye miteremko iliyofyekwa. Fosforasi hushikamana na udongo, hivyo mto ukibeba tope umebeba na mbolea.
- Mbolea na samadi kutoka mashambani, hasa mabonde ya mito kama Luiche karibu na Ujiji.
- Maji machafu ya kukamulia mawese yanayomwagwa kwenye vijito.
- Taka za masoko na mialo, pamoja na sabuni za kufulia, kwani baadhi ya sabuni za unga zina fosforasi.

Tukumbuke kuwa kinyesi huleta virutubisho na vijidudu kwa pamoja. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, mahali pasipo na vyoo vya kuwatosha wala maji salama. Kipindupindu kilizuka na watu wapatao 30 walifariki. Hawakuwa na kosa. Walikosa choo na walikosa maji, na ziwa lilelile likawa la kunywa na la kupokea taka.

KWA NINI MAONI YA WANANCHI?

Mtaalamu huja na chupa zake, huchukua sampuli na kuondoka. Mama anayechota maji kila alfajiri anajua ni mwezi gani maji hubadilika rangi. Mvuvi anajua ni mwamba gani umeshika utelezi ambao zamani haukuwepo. Maarifa haya hayaandikwi popote mpaka mwenyewe aulizwe.

Sababu ya pili ni haki. Uamuzi ukifanywa bila walalahoi kuwepo, mara nyingi mzigo huwaangukia wao. Chukua mfano wa kufua ziwani. Ikiwa akina mama hawapo kikaoni, sheria ndogo itasema tu, "Ni marufuku kufua ziwani," na faini itatajwa. Wakiwepo, watauliza, "Bomba liko wapi?" Hapo ndipo yatakapozungumzwa makaro ya kufulia yenye mashimo ya kunyonya maji mbali na ufukwe. Ziwa litapona na mama hataonewa.

SHERIA INASEMAJE?

Kutoa maoni ni haki yetu, hatuombi hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aliye Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi na salama, na inawapa wananchi haki ya kupewa taarifa na kushiriki katika maamuzi ya mazingira. Sheria hiyo pia inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Nchi nne zinazomiliki ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Mkataba huo unataja kuzuia uchafuzi, kuzuia tope na kuwashirikisha wananchi.

MIFANO MIWILI YA KUJIFUNZA

Wa kwanza ni wa kwetu. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji 12 kuzunguka Gombe. Shida iliyoonekana ilikuwa misitu kwisha na miteremko kubaki wazi. Wafanyakazi wa mradi, Watanzania, waliwauliza wanavijiji wanahitaji nini. Majibu yalikuwa chakula zaidi, afya bora na elimu kwa watoto. Mradi ulianzia hapo. Baadaye vijiji vilipanga matumizi bora ya ardhi na kutenga misitu yao ya hifadhi. Mteremko wenye miti hushika udongo, na udongo ukibaki mlimani haufiki ziwani.

Wa pili unatoka mbali. Mwezi Agosti 2014 wakazi wa mji wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu ya mwani kutoka Ziwa Erie. Mwaka 2015 Marekani na Kanada ziliwaomba wananchi maoni kuhusu malengo ya kupunguza fosforasi, na Februari 2016 zikakubaliana kuipunguza kwa asilimia 40. Hata hivyo, mwani umeendelea kuonekana katika ziwa hilo. Tunajifunza kuwa ni rahisi zaidi kuzuia kuliko kuponya, na kwamba lengo likiandikwa lazima lifuatiliwe.

HATUA SITA ZA KUANDAA MAONI

1. Tembeeni pwani pamoja. Nendeni wakati wa kiangazi na tena baada ya mvua kubwa. Andikeni mifereji, vyoo na vijito vinavyoingia ziwani.

2. Pimeni. Pakeni rangi nyeupe kipande cha bati cha mviringo chenye upana wa sentimeta 20 hivi, kifungieni jiwe chini na kamba yenye mafundo kila nusu mita. Kishusheni polepole upande wa mtumbwi wenye kivuli, majira ya adhuhuri, na muandike kina kinapopotea machoni. Pimeni mahali palepale kila mwezi. Andikeni pia kama maji ni ya kijani au ya tope, maana chanzo chake hutofautiana. Asiende mtu peke yake.

3. Wasikilizeni wasiosikika. Wanaoanika dagaa, wakamuaji mawese, vijana wa mwaloni na wapangaji wasio na choo wasemewe na wao wenyewe.

4. Chagueni ombi moja au mawili. Orodha ndefu huishia kabatini.

5. Pelekeni panapohusika. Anzeni na mkutano wa mtaa, au mkutano mkuu wa kijiji ambao kwa kawaida huitishwa kila miezi mitatu. Kisha diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo Halmashauri. Mambo ya mito na vyanzo vya maji pelekeni pia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye ofisi Kigoma. Nendeni mapema, kabla bajeti haijapangwa.

6. Fuatilieni. Ombeni maoni yaandikwe kwenye muhtasari, tunzeni nakala, na muulize tarehe ya kupata jibu.

Linganisheni maoni haya mawili. La kwanza: "Serikali ituondolee uchafu ziwani." La pili: "Mfereji wa sokoni unamwaga maji machafu hatua 200 kutoka tunapochota maji. Tumepima kwa miezi sita, na vipimo vyetu ni hivi. Tunaomba mfereji ujengewe shimo la kuchujia kabla ya mvua za Novemba, nasi tutachimba kwa nguvu zetu." La kwanza ni malalamiko. La pili ni vigumu kulipuuza.

TUJIFUNZE KUTOKA MAANDIKO

Someni Ezekieli 34:17-22. Nabii anawakemea kondoo wanono ambao, baada ya kunywa maji safi, wanayavuruga kwa miguu hata wenzao wanyonge wanywe machafu. Kisha someni Matendo 6:1-7. Wajane walikuwa wanasahaulika katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha waliolalamika. Waliita mkutano, watu wakachagua wenyewe wa kusimamia, na kazi ya Mungu ikaendelea.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi Ujiji na pwani yote, nao wana mafundisho ya Mtume yanayokataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Kanisa na msikiti vinaweza kusimama pamoja katika jambo hili.

MASWALI YA MAJADILIANO

- Katika mtaa wenu, nani anakunywa maji safi na nani anakunywa yaliyovurugwa?
- Wazee wanakumbuka nini kuhusu maji ya ufukwe wenu yalivyokuwa?
- Ni nani hajawahi kuongea katika mkutano wenu? Mtamfikiaje?
- Ni jambo gani mnaweza kuanza wenyewe mwezi huu, bila kusubiri mtu?
- Ni ombi gani moja mtalipeleka, kwa nani, na lini?

Mungu awape hekima na ujasiri wa kusema, na awape viongozi wetu masikio ya kusikia.