SOMO LETU: SIMU YA MEZANI BILA KUVUTA WAYA



Katika ziara zetu upande wa Turbo, swali moja limeturudia mara nyingi. "Tumepewa simu za mezani za intaneti, zile za kuchomekwa waya. Ofisi iko hapa, banda la maziwa liko ng'ambo ya barabara. Waya tutaupitisha wapi?" Swali hili ni zuri kwa sababu ndani yake kuna pesa za kikundi. Tulisome pamoja, na mwenye kujua kusoma amsomee mwenzake.

Kisa cha kujadili

Kikundi kimoja cha wafugaji kina ofisi upande mmoja wa barabara ya murram, na banda la kukusanyia maziwa upande wa pili. Ofisini kuna intaneti. Bandani kuna mlinzi na simu ya mezani, iliyounganishwa na ofisi bila waya kwa kifaa kidogo kiitwacho daraja. Kwa simu hiyo mlinzi aliongea na ofisi bila kununua kredo, na aliweza pia kupiga nje, kwa mfano kwa dereva wa pikapu. Kwa miezi kadhaa mambo yalikuwa sawa. Majirani wakazoea: ukipata shida usiku, kimbilia kwa mlinzi.

Usiku mmoja wa mvua, mama mja mzito aliletwa pale akiwa na uchungu. Mlinzi akainua simu. Kimya. Taa ya simu inawaka, taa ya daraja inawaka, maana banda lina sola. Lakini kule ofisini stima ilikuwa imepotea na ruta imezimika. Ofisi imefungwa, funguo ziko kwa katibu. Simu ya mkononi ya mlinzi nayo haikuwa na chaji, kwani siku hizi alitegemea ile ya mezani. Ikabidi kijana akimbie gizani kugonga mlango kwa mlango. Gari likapatikana, mama akajifungua salama. Lakini muda uliopotea ulitutia hofu sisi sote.

Kabla ya kuendelea kusoma, jadilianeni: kosa lilikuwa wapi?

Daraja hili ni kitu gani?

Simu ya mezani ya intaneti haina antena. Ina tundu la waya wa mtandao, basi. Inataka waya kutoka kwenye ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti ofisini. Ruta nyingi pia hurusha intaneti hewani, ndiyo tunaita waifai.

Daraja la waifai ni kikopo kidogo, kingine hutosha kiganjani. Upande mmoja kinanasa waifai ya ruta. Upande wa pili kina tundu la waya. Unachomeka waya mfupi kutoka kwenye daraja hadi kwenye simu, na simu haijui kwamba hapo katikati hakuna waya. Inafanya kazi kama vile imekaa kando ya ruta.

Kwa hiyo daraja linachukua nafasi ya waya tu. Halileti intaneti mpya. Halileti stima. Ruta ikizimika, daraja linabaki likingoja upande wa pili ambao haupo. Hilo ndilo lililotokea usiku ule.

Faida yake ni ipi?

Kwanza, hakuna mtaro wa kuchimba wala nguzo. Wengi tumeona waya uliozikwa ukikatwa na jembe, au uliotundikwa ukivutwa na lori lililobeba nyasi. Pili, radi. Huku kwetu mvua huja na radi, na waya wa shaba kati ya majengo mawili unaweza kupitisha mshtuko hadi ukaunguza vifaa vya pande zote mbili. Hewani hakuna shaba. Lakini radi bado inaweza kuingia kwa waya za stima, kwa hiyo chomoa plagi dhoruba ikikaribia. Tatu, waya wa shaba huibwa. Wazee wanakumbuka laini za simu zilizokatwa na kuuzwa kama vyuma kuukuu.

Je, mnahitaji simu ya mezani kweli?

Tusidanganyane. Kama banda linapiga simu mara moja kwa wiki, simu ndogo ya mkononi inatosha. Simu ya mezani inafaa pale ambapo namba inatakiwa kuwa ya kikundi wala si ya mtu. Mwenyekiti akibadilishwa, namba inabaki mezani.

Inafaa pia pale ambapo nyumba mbili au tatu za kikundi zinaongea kila siku. Mnaweza kuweka mtambo mdogo wa simu kwenye kompyuta ndogo, kwa programu ya bure kama Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer wa Marekani mwaka 1999. Hapo simu za ndani huongea zenyewe kwa zenyewe hata kama bando la intaneti limeisha, maadamu ruta na mtambo vina stima.

Jambo hili si ndoto. Huko Mankosi, jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wanakijiji wakisaidiana na watu wa Chuo Kikuu cha Western Cape waliweka vituo vya waifai vya sola kwenye nyumba za wenyeji. Mwaka 2014 walisajili ushirika wao, Zenzeleni. Kwa Kixhosa neno hilo ni kama kusema, jifanyieni wenyewe. Walipigiana simu kupitia mtandao wao, na sola ile ile ikachaji simu za mkononi za majirani kwa ada ndogo.

Hatua za kujaribu kabla ya kulipa

Mwambieni fundi mnataka kujaribu kwanza. Fundi mzuri hatakataa.

1. Chomekeni simu moja kwa moja kwenye ruta kwa waya. Pigeni. Kama haifanyi kazi hapa, daraja halitaiponya. Tengenezeni simu kwanza.

2. Hakikisheni kifaa mnachouziwa kina tundu la waya na kinaweza kupokea waifai na kuitoa kwa waya. Vingine vinafanana kwa sura, lakini kazi yake ni kurefusha waifai tu. Angalieni pia mawimbi. Ruta nyingine hurusha kwa gigahazi 2.4 na kwa gigahazi 5. Daraja la 2.4 peke yake halioni ile ya 5.

3. Tayarisheni daraja mkiwa bado kando ya ruta. Fundi analiwasha, analichagulia jina la waifai ya ofisi, anaingiza neno la siri. Kisha simu inachomekwa kwenye daraja. Pigeni tena.

4. Sasa sogezeni simu na daraja pamoja: mlangoni, uani, ng'ambo ya barabara. Kila kituo pigeni simu ya dakika 5, mmoja anahesabu namba na mwingine anasikiliza. Sauti ikikatika, mmefika mwisho wa nguvu zake. Mabati ni adui mkubwa, hata tangi la maji na miti iliyolowa. Banda la mabati matupu linaweza kufunga waifai nje kama mlango. Daraja likae dirishani linaloelekea ofisi, juu kidogo.

5. Kama ni mbali kuliko hapo, msilazimishe kikopo kidogo. Kuna antena za nje zinazofungwa mbili mbili zikitazamana, moja ofisini na nyingine kule. Zenyewe zinataka zionane bila kilima wala miti katikati.

6. Mkisikia sauti upande mmoja tu, mwulizeni fundi kama daraja limejifanya ruta ya pili. Tazameni namba ya anwani kwenye kioo cha simu. Kama ruta inagawa anwani zinazoanza na 192.168.1, simu nayo kwa kawaida ianze hivyo hivyo. Ikiwa tofauti, mpangilio wa daraja ubadilishwe.

Hesabu ya intaneti

Simu moja kwa mpangilio wa kawaida hutumia karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Kwa saa moja ya maongezi, kwenda na kurudi, ni karibu megabaiti 80. Si nyingi. Shida zaidi ni ucheleweshaji. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika, yaani sehemu ndogo sana ya sekunde. Vijana wakitazama video kwa waifai ile ile, sauti ya simu huanza kukatika. Fundi anaweza kuiambia ruta itangulize simu.

Hesabu ya stima

Hapa ndipo kikundi chetu kilikosea. Andikeni kwenye karatasi kila kifaa kilichoko kati ya mdomo wa mpigaji na sikio la mpigiwa: simu, daraja, ruta, kisanduku cha intaneti, mtambo. Kando ya kila kimoja andikeni kinapata stima wapi. Kimoja kikikosa, vyote vimelala.

Tuchukue mfano. Ofisini ruta na mtambo vinakula wati 15. Mnataka viwake usiku kucha, saa 12. Mara 15 kwa 12 ni 180. Betri ya asidi ikimalizwa kabisa kila mara hufa mapema, kwa hiyo tumieni nusu tu: mnahitaji betri ya 360. Gawanyeni kwa volti 12, mnapata 30. Ongezeni kidogo kwa upotevu na uzee, mnunue yenye maandishi 40 Ah. Hesabu hii mnaweza kuifanya wenyewe kwa wati zilizoandikwa kwenye adapta zenu.

Angalieni pia simu inavyopata stima. Simu nyingi za ofisi hazina adapta. Zimeandikwa PoE, maana yake stima yao hupita katika ule waya wa mtandao. Daraja dogo la kawaida halitoi stima hiyo. Nunueni adapta ya simu hiyo yenye volti zilizoandikwa chini yake. Msibahatishe: kuna za volti 5, za 12 na za 48, na volti zikizidi simu inaungua.

Daftari na ulinzi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, lipya liandikwe kwenye daftari la kikundi na kutunzwa na katibu. Fundi akihama na neno la siri, kikundi kimebaki na vikopo. Mtambo wa simu wenye neno la siri rahisi unaweza kuingiwa na wezi wa mbali, wakapiga nchi za nje usiku na deni likaja kwenu.

Kuhusu sheria, kutumia simu zenu wenyewe ni jambo moja. Kuwauzia majirani huduma ni jambo jingine, linataka leseni. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao ya kijamii kama ya vikundi. Ulizeni kabla ya kuanza.

Kikundi kilifanya nini?

Hakikutupa daraja. Walinunua betri ya ofisi, ufunguo wa pili ukawekwa kwa jirani mwaminifu, na mlinzi akapewa simu ndogo ya mkononi ambayo kazi yake ni moja tu: kukaa na chaji. Ukutani wakabandika namba za dereva, zahanati, na za dharura 999 na 112. Msitegemee simu ya intaneti kwa namba hizo, kwani si kila mtambo unazifikia. Kila Jumamosi jioni wanazima stima ya ofisi kwa makusudi, na mlinzi anapiga. Ikilia, wanaandika daftarini. Isipolia, wanatafuta sababu wakati hakuna mgonjwa anayengoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, nani hupigiwa simu usiku, na akikosekana ni nani?
2. Vifaa vyetu vya mawasiliano vinapata stima wapi? Chorea mstari chini, toka kimoja hadi kingine.
3. Neno la siri na funguo ziko kwa nani? Je, kuna mtu wa pili?
4. Ni kitu gani kingine tunakitegemea bila kukijaribu?

Kazi ya kikundi: kabla ya mkutano ujao, zimeni stima ya ofisi kwa dakika 10 kisha pigeni simu. Njooni na majibu.