Kusafirisha mbwa wa shamba kwa gari: kizimba, kamba na joto



Wengi mnaonipigia simu siku hizi mnaishi mjini na shamba liko mbali. Mtu anakaa Dar es Salaam, mananasi yako Kiwangwa. Mwingine yuko Morogoro mjini, mpunga na pampu viko Dakawa. Mlinzi wa usiku ni mbwa, na mbwa huyo lazima apande gari: aende kupata chanjo, apelekwe kwa daktari wa mifugo, ahamie shamba la pili msimu ukibadilika. Shida ni kwamba mbwa anayefaa kulinda ndiye mchangamfu, hatulii hata dakika mbili. Leo tuongelee namna ya kumbeba nyuma ya gari akafika salama, na wewe ukafika salama.

Kwa nini asiachwe huru

Tupige hesabu kidogo. Mbwa wa kilo 25 yuko kwenye gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa. Gari likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mbwa huyo anarushwa mbele kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 400 na ushee. Hayo ni magunia manne ya mahindi yanakuja kisogoni kwako. Na hata bila ajali, mbwa anayerukia siti ya mbele anaweza kumziba dereva macho au kuingia miguuni kwenye breki.

Kamba ya shingoni ni kitanzi

Hili nalisema kwa mkazo. Kijana mmoja anayelima matikiti kwenye kata yetu alifunga mbwa wake wawili kwa kamba za katani shingoni, nyuma ya pikapu. Gari lilipopunguza mwendo kwenye tuta, mmoja akaona mbuzi kando ya barabara, akaruka. Kamba ilitosha kumvusha ukingo wa bodi lakini haikutosha kumfikisha chini. Waliokuwa nyuma kwa bodaboda ndio waliopiga honi. Gari liliposimama mbwa alikuwa ameshakufa.

Kama huna kizimba na safari haikwepeki, mvalishe mkanda wa kifuani, ule unaozunguka kifua na mabega. Mfunge katikati ya bodi, karibu na kabini, kamba iwe fupi kiasi kwamba anaweza kulala na kusimama ila hafiki ukingoni upande wowote. Hii ni ya dharura tu, mwendo mdogo na umbali mfupi.

Kizimba: vipimo kabla ya fundi

Dawa yenyewe ni kizimba. Kabla hujaenda kwa fundi wa kuchomelea, mpime mbwa akiwa amesimama. Chukua vipimo vinne:

1. Kutoka puani hadi shina la mkia.
2. Kutoka chini hadi kiwiko cha mguu wa mbele.
3. Upana wa mabega.
4. Kutoka chini hadi juu ya kichwa au ncha ya masikio, kilicho kirefu zaidi.

Urefu wa kizimba ni kipimo cha 1 ujumlishe nusu ya kipimo cha 2. Upana ni kipimo cha 3 mara mbili. Kimo ni kipimo cha 4 pamoja na unene wa matandiko.

Mfano: mbwa mwenye sentimita 80, 28, 25 na 70. Urefu ni 80 + 14 = 94. Upana ni 50. Kimo ni 70 na matandiko ya sentimita 3, yaani 73. Mwambie fundi 95 kwa 50 kwa 75. Humo atasimama, atageuka na atalala. Usiongeze sana ukidhani unamfurahisha. Kizimba kikubwa mno kinamfanya ajigonge kila kona.

Bomba za mraba za inchi 1 na wavu wa chuma zinatosha. Mambo ya kumsimamia fundi:

- Matundu ya wavu yawe madogo, mguu au taya visipite.
- Ncha zote za ndani zisagwe, zisikwaruze.
- Mlango uwe na komeo mbili, juu na chini. Mbwa mchangamfu anajifunza kufungua komeo moja haraka sana.
- Sakafu iwe ya mbao, juu yake weka mpira usioteleza.
- Mbwa wawili wawekewe kizuizi katikati, hata kama ni ndugu.

Kizimba kisichofungwa ni mzigo wa kuruka. Kikaze kwa bolti au mikanda ya kufungia mzigo, pembe zote nne. Kwenye Noah au Probox, kiweke nyuma ya siti, kikiegemea mgongo wa siti.

Joto nalo linaua

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema. Nje kukiwa na nyuzi 27, gari lililofungwa vioo linafika karibu 37 ndani kwa dakika 10, na nusu saa linapita 43. Kwa hiyo usimwache garini ukienda kula chipsi. Kwenye pikapu, weka turubai juu ya kizimba kwa ajili ya kivuli lakini acha pande wazi, hewa ipite na moshi wa gari usijae humo. Safiri alfajiri au jioni, simama kila saa mbili, mpe maji.

Ukiona anahema kwa nguvu, mate mazito, fizi nyekundu sana, anayumba: mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwilini, mpepee, kisha daktari wa mifugo haraka.

Kumzoesha

Weka kizimba nyumbani wiki moja kabla, mlango wazi, chakula umpe humo ndani. Akizoea, funga mlango dakika chache. Halafu safari ya kuzunguka mtaa. Siku yenyewe mkimbize nusu saa kwanza achoke, na asile chakula saa 3 au 4 kabla ya kuondoka, asije akatapika. Usimpe vidonge vya usingizi vya binadamu.

Mwisho, usimpakie pamoja na viuatilifu, sumu ya panya wala mafuta. Na mbwa asiye na chanjo ya kichaa cha mbwa asipande gari isipokuwa anakwenda kuchanjwa. Chanjo huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Akimng'ata mpakiaji, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Haya, chukueni futi kamba mkapime mbwa. Kazi njema.